Mvua ya Kwanza Haikingwi

Mimi ni mzaliwa wa Wasini, kisiwa kinachotazamana na Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapa nimezaliwa, hapa nimeolewa, hapa nimezaa. Ninayoyasema nimeyapitia mwenyewe. Nayasema leo kwa sababu nawaona vijana wengi wakivunjika moyo kama nilivyovunjika mimi, na ninajua kuwa moyo uliovunjika usipotengenezwa huunga vibaya kama mfupa.

Ili nieleweke, lazima nianze na maji. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe. Ukichimba kisima unakutana na chumvi. Wazee wetu Wavumba waliijua tabia hiyo ya ardhi yao, wakajenga majabia: matangi ya mawe yaliyopigwa chokaa, yanayopokea maji ya mvua kutoka paani. Masika yakiwa mema jabia hujaa, na nyumba nzima hupumua. Kaskazi ikirefuka na jabia likakauka, hapana budi kuvuka bahari hadi Shimoni, kujaza mitungi ya lita 20, kuipanga chomboni na kurudi nayo. Mimi nimeibeba mitungi hiyo tangu utotoni. Niliacha shule darasa la saba, na nikiulizwa sababu huwa nataja mbili: michango ya shule ilimshinda babangu, na maji yalihitaji mtu wa kuyafuata.

Aliyenilea ni nyanya yangu, mzaa mama. Kabla ya masika alikuwa na kazi zake asizomwachia mtu. Anafagia paa kuondoa majani na kinyesi cha kunguru. Anakagua mlizamu, ule mfereji wa bati unaopeleka maji jabiani, autie kamba pale ulipolegea. Anaingia ndani ya jabia tupu na taa, anatafuta nyufa. Na mvua ya kwanza inaponyesha, watoto tukikimbilia kufungua njia ya maji, yeye hutuzuia. "Mvua ya kwanza haikingwi," anasema. "Iacheni ioshe paa." Nilikuwa nikiudhika, kwa kuwa nilihesabu kila tone lililopotea. Sikujua kwamba maneno yale yangenirudia nikiwa mtu mzima, kwa jambo lisilohusu mvua.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa sijawahi kumjua rais mwingine ila Daniel arap Moi. Alikuwa ameingia mwaka 1978, kabla sijazaliwa, na picha yake ilitundikwa katika kila duka nililotumwa. Chama chake, KANU, kilikuwa kimetawala tangu uhuru wa 1963. Kwa hiyo iliposemwa kwamba Moi anaondoka, na kwamba wapinzani wameungana katika NARC na kumsimamisha Mwai Kibaki, sisi vijana tulihisi kama watu waliokaa chumba kimoja maisha yao yote, mara wanasikia mlango unatikiswa. Raila Odinga alipotamka "Kibaki Tosha" pale Uhuru Park mwezi wa Oktoba, maneno yale yalifika Wasini kwa redio, na jioni hiyo hiyo yalikuwa kwenye vinywa vya wavuvi.

Wakaja na wanasiasa. Chombo kimoja kilitia nanga, wakashuka watu waliovaa fulana mpya, mmoja wao akasimama chini ya mti na kutuambia kwamba tatizo la maji la Wasini ni tatizo la utawala mbaya tu. Serikali mpya ikiingia, alisema, bomba litapita chini ya bahari kutoka bara, na kabla masika hayajaisha mama zetu watakuwa wanafungua mfereji uani kwao. Jina lake silitaji. Nilimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mwezi ule wa mwisho ulikuwa mzito. Tarehe 28 Novemba, bomu lililipua hoteli ya Waisraeli kule Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, watu wakafa. Watalii walianza kukata safari zao, na sisi tunaoishi kwa watalii wanaokuja kuwatazama pomboo na samaki wa hifadhi ya bahari ya Kisite tukaona mashua zikikaa bure. Tarehe 3 Desemba, zikiwa siku za mwisho za Ramadhani, Kibaki akapata ajali ya gari akitoka kwenye kampeni Ukambani, akasafirishwa London kutibiwa. Nyumbani kwetu tulimuombea dua baada ya tarawehe kama tunavyomuombea ndugu aliye baharini.

Siku ya kura, tarehe 27 Desemba, ilikuwa Ijumaa. Wanaume walipiga kura asubuhi wakaenda kuswali, wanawake tukabaki kwenye foleni. Nilipotiwa wino kidoleni sikunawa mkono mpaka usiku, na niliponawa nilikiepuka kile kidole. Kibaki alishinda kwa asilimia 62. Mkoa wa Pwani nao ulimpa kura nyingi kuliko alizopewa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa mgombea wa Moi. Jumatatu, tarehe 30, nilivuka hadi Shimoni kutazama televisheni dukani. Nikamwona Kibaki kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, akila kiapo mbele ya umati usiohesabika. Nililia. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu alilia pia, na hatukuoneana haya.

Wiki ya kwanza ya shule, Januari 2003, elimu ya msingi ikawa bure. Ile ilikuwa ahadi, na ilitimizwa, na sitaki mtu yeyote anifanye niisahau. Watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani nchini kote. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshaanza kuzoea mshipi na ngalawa, alirudi darasa la nne. Asubuhi ile nilimvisha shati mwenyewe. Kote nchini tulisikia abiria wakiwakatalia makondakta wasitoe hongo, wananchi wakiwazuia polisi wala rushwa kwa mikono yao. Tulikuwa tumelewa matumaini, na ulevi wenyewe ulikuwa mtamu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ndilo kiini cha ushuhuda wangu.

Jabia la nyanya lilikuwa na ufa. Tulikuwa tumeweka pesa kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili kumlipa fundi na kununua saruji na chokaa kabla ya masika. Nikamwendea nyanya nikamwambia, "Tusijisumbue. Bomba linakuja." Akaniuliza nani kasema. Nikamtajia yule mtu wa chini ya mti, nikamtajia shule zilizofunguliwa kwa wiki moja, nikamwambia serikali hii si ile. Alikuwa mzee, macho yameanza kufifia, na mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Alinyamaza. Nilichukua sehemu ya zile pesa, nikavuka hadi Ukunda, nikanunua mfereji wa shaba. Mfereji mzuri, mzito, unaong'aa. Niliutundika kwenye msumari ukutani, pale uani ambapo bomba lingefika.

Masika ya 2003 yalikuja. Mvua ya Mungu ilinyesha, na jabia lenye ufa likaimwaga mchangani. Kufikia kusi tulikuwa tumeanza kununua maji, miezi mingi kabla ya wakati wake. Nyanya hakunilaumu hata siku moja. Asubuhi moja nilimkuta amesimama uani, anaupapasa ule mfereji ukutani kwa vidole, anaufungua na kuufunga, kama mtu anayejaribu kujua kitu kile ni cha nini. Picha hiyo haijanitoka.

Yaliyofuata mnayajua, ninyi mliokuwepo. Mwezi Mei mwaka ule ule Uingereza ilisimamisha safari za ndege zake kuja Kenya kwa hofu ya ugaidi, na pwani yetu ikanyauka. Serikali tuliyoichagua ikatoa mswada wa sheria ya ugaidi uliowatia hofu Waislamu, kwa kuwa hata mavazi ya mtu yangeweza kuwa sababu ya kushukiwa. Tulijiuliza kama hii ndiyo serikali tuliyoiombea dua. Katiba mpya iliyoahidiwa katika siku 100 haikuja. Makubaliano kati ya viongozi wa NARC yalivunjika, wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing ikafichuka, mikataba ya mabilioni kwa kampuni hewa, na mapema mwaka 2005 John Githongo, aliyewekwa na rais mwenyewe kusimamia vita dhidi ya ufisadi, akajiuzulu akiwa London. Novemba mwaka huo, kwenye kura ya maoni ya rasimu ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, wengi waliipa serikali jibu la hapana.

Katika haya yote, mimi sikuwa na hasira ya kelele. Nilikuwa na hasira ya ukimya, ambayo ni mbaya zaidi. Niliacha kusikiliza taarifa ya habari. Siku za baraza la chifu nilijipa kazi nyingine. Watu walipozungumza siasa nilisema neno moja, "wote sawa," nikaendelea kukuna nazi. Nilidhani nimepata hekima, kumbe nilikuwa nimechoka tu nikayapa machovu jina zuri. Uchaguzi wa 2007 ulipofika sikwenda. Nilikaa nyumbani na kidole changu safi, nikajiona nimewakomesha.

Kisha Kenya ikawaka moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Sisi huku kisiwani hatukuchomewa nyumba. Lakini nilikaa nikisikiliza redio niliyoiacha miaka miwili, nikaona aibu. Kidole safi hakikumlinda mtu. Wale ambao ukimya wangu ulitakiwa kuwakomesha hawakujua hata kama mimi nipo.

Nyanya alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, Mungu amrehemu. Katika maneno yake ya mwisho kwangu, hakuna lililohusu siasa. Aliniuliza tu, "Ule ufa umeshaziba?" Nikamjibu bado. Akasema, "Mvua ni ya Mungu, mwanangu. Paa ni lako."

Mabadiliko yangu yalianza mwaka 2010, na hayakuanza kwa mkutano mkubwa wala kwa kiongozi. Yalianza kwa kitabu. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, rasimu ya katiba ilisambazwa kwa Kiswahili, na nakala moja ikafika kijijini. Mdogo wangu, yule niliyemvisha shati mwaka 2003, alikuwa sasa kijana wa kidato cha tatu. Akawa anatusomea jioni barazani, mimi na kina mama wengine, kifungu baada ya kifungu. Mtoto aliyerudishwa shuleni na ile serikali iliyonivunja moyo ndiye aliyenisomea katiba. Nililifikiria jambo hilo usiku mmoja nikashindwa kulala. Nilikuwa nimeiandikia serikali ile sifuri, na sifuri haikuwa hesabu ya haki.

Aliposoma kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, nilimwambia arudie. Alirudia mara tatu. Kwa miaka saba nilikuwa nimeyangoja maji kama zawadi ya mtu aliyesimama chini ya mti. Kumbe ni haki, na haki ina mlango wake wa kudaiwa. Alipofika kifungu cha 73, kinachosema madaraka ya kiongozi ni wajibu wa kuwahudumia watu na si uwezo wa kuwatawala, mama mmoja mzee alicheka kwa furaha. Nyanya alikuwa akitusimulia habari za Madiwani wa Vumba, watawala wa kale wa watu wetu, waliotawazwa kwa siwa na ngoma. Nikatambua kwamba mwaka 2002 mimi nilikwenda kumtawaza Diwani. Nilimpigia siwa, nikarudi nyumbani kungoja fadhila zake. Hakuna aliyeniambia kwamba ninamwajiri mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi hufuatwa shambani.

Katiba ilipita, ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti, siku ya Ijumaa, tumo katika Ramadhani. Aliyeitia sahihi ni Mwai Kibaki yuleyule. Ilichelewa miaka saba kuliko alivyoahidi, na damu ilimwagika njiani, lakini jina lake liko pale chini. Nimejifunza kuyabeba yote mawili, deni lake na hiyo sahihi yake, bila kulitumia moja kulifuta la pili.

Siku ile nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika kwa kumbukumbu: "27 Desemba 2002. Maji. Bomba kutoka bara kabla ya masika. Nani kasema: mgeni wa kampeni. Kwa bajeti gani: hakusema. Mimi niliuliza: sikuuliza." Ule mstari wa mwisho uliniuma kuuandika kuliko yote.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, tulipewa karatasi sita za kura badala ya ile moja niliyoijali zamani. Nilikuwa nimesoma Jedwali la Nne la katiba, nikajua kwamba huduma za maji, vivuko na zahanati sasa ziko mikononi mwa serikali ya kaunti, na kwamba kaunti zote kwa pamoja hupewa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo macho yangu yote yakimtazama rais, nitakuwa nimegonga nyumba isiyo na mwenye kuniuzia ninachokitaka. Nikajifunza na kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba mosi, makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Jambo ambalo halikuingia kwenye mpango ule wa Septemba, kulidai mwezi Juni ni kuchelewa chombo.

Mara ya kwanza tulipokwenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi, tulikuwa wanawake tisa katika mashua moja. Tulichanga nauli. Kikao kilikuwa bara, kimeanza tulipofika, na karatasi walizogawa zilikuwa za Kiingereza. Niliomba ruhusa nikauliza, "Katika karatasi hizi, neno Wasini liko ukurasa wa ngapi?" Wakapekuapekua. Halikuwepo. Sikupiga kelele. Nilisema, "Basi tunaomba liandikwe," nikakaa, moyo ukinidunda mpaka masikioni. Mwaka uliofuata tulikwenda tena, tukiwa kumi na wanne, na barua yenye sahihi na alama za vidole. Baadhi ya tuliyoyaomba yaliandikwa. Kati ya yaliyoandikwa, mengine yalifanyika, mengine hayajafanyika hadi leo. Yote yamo daftarini, na tarehe zake.

Na ufa je? Tuliuziba. Wanawake tuna chama cha kuweka na kukopa, na tulikubaliana kila mwaka kabla ya masika tushughulikie jabia la nyumba moja isiyojiweza, saruji na chokaa kutoka mfukoni mwetu, kazi kwa mikono yetu. Zamu ya nyumba yangu ilipofika, tuliongeza tangi dogo linalopokea kutoka mlizamu wa jikoni. Fundi aliuliza kama nina mfereji wa kufunga. Nikauondoa ule wa shaba kwenye msumari. Ulikuwa umefanya kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, nikausugua kwa ndimu na majivu mpaka ukang'aa. Tuliufunga siku ile, na masika yalipokuja niliacha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha nikafungua njia. Mara ya kwanza kuuona mfereji ule ukitoa maji, nilikinga kwa mikono miwili nikanawa uso.

Simaanishi kwamba serikali iachiwe na wananchi wajitafutie. Yeyote atakayelitumia tangi langu kama kisingizio cha kutoleta maji Wasini atakuwa ananidhulumu. Mlizamu wangu haulifuti deni lake. Lakini mtu aliyeziba ufa wake hudai akiwa amesimama, na mtu anayengoja tu hudai akiwa amepiga magoti.

Mwaka 2022 binti yangu alitimiza miaka 18. Alizaliwa 2004, katikati ya hasira zangu, na akapiga kura yake ya kwanza tarehe 9 Agosti. Kwale wengi walimpa Raila. Yeye alimpa William Ruto. Aliniambia kwa nini: huyu amesema habari za mama mboga, za kijana wa bodaboda, za mahasla wasio na jina. Nilimsikiliza, na nilijisikia mimi mwenyewe nikizungumza. Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba, binti yangu alitazama kwenye simu hatua zote, macho yamemng'aa. Sikumkatisha. Matumaini ya kijana si kosa la kusahihishwa. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba mvua ya kwanza haikingwi. Akacheka, akadhani nazungumzia jabia.

Mfuko wa Hasla ulipozinduliwa mwishoni mwa Novemba, alikopa akapewa shilingi 500. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba petroli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita. Kwetu sisi petroli si habari ya wenye magari. Kisiwani hakuna gari hata moja. Petroli ndiyo inayosukuma mashua. Ikipanda, nauli inapanda, na mtungi wa maji unapanda, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Msambweni usiku analipa zaidi. Jioni moja binti yangu alirudi kutoka Shimoni, akatua mizigo yake, akasema, "Mama, mimi sipigi kura tena. Wote sawa."

Nilisikia yale maneno mawili nikahisi kama mtu amenifungulia kaburi. Nikalileta daftari. Alilisoma lote usiku ule kwa mwanga wa simu, na asubuhi akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Mama, miaka kumi na tatu umeandika. Bomba liko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia ukweli. Daftari halijanipa yote niliyoyaomba. Lakini zamani mgombea alikuja akasema maji yatakuja, tukampigia vigelegele. Siku hizi akija anamkuta mwanamke na daftari, anaulizwa bajeti ya mwaka gani, fungu la nani, kazi ya kaunti au ya taifa, na wengine hujibu, wengine hutazama saa. Nilimwambia kwamba kilichoniumiza zaidi maishani si kudanganywa. Ni ile miaka saba niliyoitoa baada ya kudanganywa, bila mtu yeyote kuniomba.

Sikujua kama amenielewa mpaka Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipotoka, vijana wa Kenya walifanya jambo ambalo kizazi changu hakikulifanya: waliusoma. Waliufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za makwao, wakagawiana kwa simu. Binti yangu alikaa pale wavuvi wanapotengeneza malema yao, akawasomea: ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa magari, tozo ambayo ingegusa hata sodo za wasichana. Wazee waliacha kusuka wakamsikiliza. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya ukuta, kwa sababu nilijua nitalia. Tarehe 25 vijana waliingia Bungeni Nairobi, risasi zikapigwa, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Katika siku zile za maandamano vijana wengi, makumi kwa makumi, hawakurudi kwao. Nilishukuru kwamba wangu alikuwa kisiwani, na shukrani ile yenyewe ilinichoma nilipowafikiria mama zao. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Ndugu zangu, na hasa ninyi mtakaopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2027, huu ndio ushuhuda wangu. Rais mpya ni kama mvua ya kwanza. Furahini inyeshe, kwa kuwa mmeingoja na ni halali yenu. Lakini siku zile za mwanzo, za vigelegele na hotuba, ziacheni zioshe paa. Msizibebe kama maji ya kunywa. Kisha fungueni njia, kaeni pale pale mlizamuni, mtazame kinachoingia. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa hudaiwa na nani? Naye mdai anayelala hujipunguzia haki yake mwenyewe.

Juzi, kabla ya vuli, nilimkuta binti yangu amepanda ngazi anafagia paa bila kuambiwa. Aliposhuka alikuwa na vumbi kichwani na majani mkononi. Alinawa kwenye mfereji wa shaba, akaufunga sawasawa, akaniuliza mpango wa mwaka wa kaunti unafungwa lini, maana anataka kuwahi chombo.